Masika, Mwenye Kupeleka Misiba ya Vukenye

Ukitaka kuwaona watu wa Vukenye huna haja ya kupanda ndege. Nenda Bertrams, Johannesburg, Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa shule wanaouazima, utawakuta wote. Vukenye yenyewe ni mji mdogo wa milimani, mashariki ya Kongo, mahali pa baridi na ukungu, pa viazi na kabichi. Wenyewe wanasisitiza kwamba ni komini, yaani manispaa kamili, kwa kuwa serikali imewapa bendera, meya anayeitwa burgumesta na ofisi yenye mabati mapya. Sawa, ni komini. Lakini mtu akipiga chafya mlangoni pa kanisa, anaambiwa pole na komini nzima.

Ina kartie nne, yaani mitaa. Kuna Kanisa, Soko, Matofali na Juu, na watu wa Juu hujiona bora kuliko wengine kwa sababu moja tu, kwamba maji ya kijito huwapitia wao kwanza. Johannesburg hakuna kijito wala mlima, na familia sitini na kitu za Vukenye zimetawanyika Troyeville, Bertrams na Kensington, lakini ukiingia ukumbini utaona wamekaa kwa kartie bila kupangwa na mtu. Juu wako mbele. Matofali wako karibu na mlango ili wakichelewa wasionekane. Na kila Jumatano adhuhuri, popote walipo, wanaacha kazi na kushika simu, maana Jumatano ni siku ya soko Vukenye na mtandao kule hushika vizuri kilima cha sokoni peke yake. Fundi anaacha sindano, mlinzi anasogea kando ya geti, msusi anamwacha mteja na nusu ya kichwa. Waajiri wa jiji hili wameshazoea, au wameshawafukuza.

Mwenyekiti wao ni Steve, mlinzi wa maduka kule Kensington, ambaye wanamwita Burgumesta kwa utani na yeye anaitika kwa dhati. Lakini anayejulikana zaidi yake ni Masika, na hakuna anayependa kumwona akija.

Masika ana miaka hamsini na miwili. Ni mfupi, mkavu, huvaa viatu vya kiume vya ngozi kwa sababu anatembea sana. Siku za kazi anakaa na cherehani yake Marshalltown, kwenye ubaraza wa jengo moja la maofisi, akipunguza suruali za makarani na kubadilisha zipu. Ana macho ya fundi: kabla hujamsalimia ameshaona mshono wako uliofumuka. Nyumbani ni Troyeville, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya zamani, yeye na binti yake Benita wa miaka kumi na sita. Benita amezaliwa hapa, anaelewa Kiswahili chote na anajibu kwa Kiingereza. Baba yake Benita alikwenda Cape Town mwaka 2008 kutafuta kazi, na mpaka leo anaendelea kuitafuta.

Kazi ya kupeleka misiba ilimpata Masika mwaka 2009, na hakuiomba. Kulikuwa na Jacques wa kartie ya Soko, fundi viatu, aliyekuwa akivuka barabara Marshalltown mbele ya roboti, kama wanavyoita hapa taa za barabarani, simu ikaita. Ndugu yake kutoka nyumbani akamwambia hapo hapo kwamba mtoto wa kwanza wa Jacques amefariki. Jacques akasimama katikati ya barabara. Taa ikabadilika, naye bado amesimama. Gari lilimvunja mguu na nyonga. Masika alikuwa hatua ishirini kutoka pale. Aliacha cherehani, akakaa chini kwenye lami, akakipakata kichwa cha Jacques. Jacques alikuwa amesahau kwa nini alisimama. Akauliza, na Masika akamwambia upya, taratibu, jina la mtoto, siku na ugonjwa, mpaka ambulensi ikafika. Baadaye watu wakasema Masika alisema vizuri. Ndivyo watu wanavyopewa kazi: unaifanya mara moja bila kuiharibu, inakuwa yako.

Mkutano uliofuata ukapitisha kwamba mtu wa Vukenye haambiwi msiba kwa simu. Familia kule nyumbani inampigia Steve peke yake, Steve anampigia Masika, Masika anakwenda. Hata Vukenye waliambiwa, na padri akatangaza kanisani.

Masika ana utaratibu wake na hataki kuingiliwa. Haendi peke yake, lazima wanawake wawili wamfuate. Akifika anauliza kwanza kama mtu amekula, maana baada ya habari hatakula siku mbili. Anaipua sufuria jikoni. Anachukua simu ya mwenye nyumba. Anamkalisha chini sakafuni, si kwenye kiti, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuanguka kutoka sakafuni. Kisha anasema jina kamili la marehemu, kartie yake, siku aliyokufa na kilichomuua, na hapo ananyamaza. Habari za Mungu anawaachia wachungaji.

Basi watu wakajifunza kumwogopa. Akionekana getini na wanawake wawili nyuma, nyumba inapasuka kwa vilio kabla hajafungua mdomo. Ikabidi awe anapiga kelele tangu barabarani kila anapokwenda kumwona mzazi au kuhudhuria harusi, wajue hana msiba: "Nakuya bure! Nakuya bure!" Majirani wa Kizulu na Wareno wa Troyeville hawajui maana yake, lakini watoto wao wanaiiga.

Mara moja alisahau. Ilikuwa mwaka 2016, alikuwa akimpelekea Jocelyne, msusi wa Kensington, gauni la kwaya kwenda kulipima, na wanakwaya wawili wakamsindikiza. Jocelyne aliwaona kupitia kioo cha saluni. Akatupa kitana, akajitupa chini, akaanza kumlilia mama yake kwa sauti iliyofukuza wateja wakiwa na misuko nusu. Masika alisimama mlangoni akipunga gauni: "Ni robe! Tumeleta robe tu!" Hakusikilizwa. Ilibidi mama mwenyewe atafutwe kwa simu, naye aliitwa kutoka shambani mpaka kilima cha sokoni, na alikasirika vibaya sana. "Unanililia miye, na viazi bado viko mu udongo?" Tangu siku hiyo yule mama anaitwa Marehemu kartie nzima ya Matofali, na anaitika.

Watu walicheka mwezi mzima. Masika hakucheka, na si kwa sababu alichukia. Hakusikia kichekesho. Hapo ndipo alipoanza kujichunguza.

Mara ya kwanza alipopeleka msiba, alirudi nyumbani akatapika. Mara ya tano alilia kwenye teksi. Mara ya kumi alirudi akapika maharage. Na miaka ile ilikuwa mibaya kule mashariki, watu waliuawa mashambani, wakafa barabarani, kisha ikaja Ebola juu ya yote, simu ya Steve ikawa haipumziki. Mara ya ishirini na sita ilikuwa kwa mwanamume mmoja wa Bez Valley aliyefiwa na kaka yake. Yule bwana akigaagaa sakafuni, Masika alijikuta anaitazama suruali yake na kufikiri kwamba zipu ile haitafika mwezi wa nane. Alipogundua anachokiwaza, alingoja aone aibu. Aibu haikuja. Akaaga, akapanda kilima kurudi Troyeville, akalala vizuri.

Kwenye mkutano mmoja mwanamke wa Juu alisema, si kwa kunong'ona, kwamba Masika amekuwa jiwe. Masika alisikia. Hakuumia, na hilo la kutoumia ndilo lililomtia hofu.

Maana Vukenye kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Mtoto wa kike wa kwanza huitwa Masika, na mama yake akifa, huyo Masika ndiye anayefungua kilio, popote alipo. Mpaka afungue yeye, hakuna anayeruhusiwa kutoa sauti, awe mjane, awe dada wa marehemu, awe nani. Watu hukaa wamebana midomo wakimngoja. Na kilio chenyewe kiwe cha kweli, kwa sababu wanawake wa Vukenye hukijua kilio cha kuigiza hata wakiwa chumba cha pili, na hawasahau. Kuna familia moja ya Soko inayosemwa mpaka leo kwa kilio kilichoigizwa kabla ya uhuru.

Mama yake Masika alikuwa hai, kartie ya Kanisa, miaka themanini na zaidi, na kila Jumatano alibebwa na wajukuu mpaka kilima cha sokoni ili aongee na binti yake. Benita alimwita Koko, yaani bibi. Mwaka 2018, karibu na Krismasi, alisema bila kuzunguka:

"Siku yangu ikifika, weye njo utafungua."

"Ndiyo, mama."

"Na ufungue kwa nguvu. Miye si mutu wa kulilia pole pole."

"Ndiyo, mama."

"Unasikia?"

"Nasikia, mama."

Jioni ile Masika aliingia bafuni, akafungua maji ya bomba ili Benita asisikie, akajaribu. Alifikiria jeneza la mama yake. Alifikiria kitanda kitupu na viatu vya mama chini yake. Alifungua mdomo na kilichotoka kilikuwa kikohozi. Akajaribu tena. Benita akagonga mlango akauliza kwa Kiingereza kama amepaliwa na kitu.

Hakumwambia mtu isipokuwa Angélique. Angélique ni mshonaji kama yeye, walikua pamoja kartie ya Kanisa, wakapigwa fimbo na mwalimu yule yule. "Nasikiaka woga," Masika alimwambia. "Siku mama atakufa, sitapata kitu. Nitasimama pale kama mulingoti, batu bote banangoja." Angélique alimwambia aache maneno hayo, kilio hakiendi shule, kinakuja chenyewe. Lakini alimtazama Masika usoni alipokuwa akisema, na yeye mwenyewe hakuamini sana alichokisema.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, mwaka 2019. Saa nne asubuhi Steve alikuwa kwenye kibanda chake cha ulinzi Kensington, anapasha mikono kwa kikombe cha chai, simu ikaita kutoka Vukenye. Mama yake Masika alikuwa amelala jana akiwa mzima, na asubuhi hakuamka. Si Ebola, ni uzee tu. Lakini mwaka ule wote waliokufa walizikwa haraka, na watu waliovaa nguo za plastiki, jamaa wakisimama mbali. Watamzika magharibi ya leo.

Steve akasema pole, akakata simu, akavuta pumzi, akafanya kile alichokifanya mara thelathini na moja kwa miaka kumi. Akabonyeza jina la Masika.

Simu iliita mara moja kabla hajajua anafanya nini. Akaikata haraka. Alikaa akiitazama ile simu kana kwamba imemuuma. Kisha akampigia Angélique, akamweleza, na Angélique naye, katikati ya mshtuko, akasema, "Yesu wangu. Basi Masika aende na nani kumu..." Miaka kumi komini nzima ilikuwa imempa mtu mmoja kazi hii, na hakuna aliyewahi kuuliza yeye ataambiwa na nani.

"Utasema weye," Steve akasema mwishowe.

"Miye sijue kusema."

"Hakuna mwenye anajua. Chukua Jocelyne."

Ilimchukua Angélique muda wa saa tano kupata ujasiri. Alipika, akaacha. Alivaa, akavua. Alimpitia Jocelyne saluni, wakapanga: Angélique atauliza kama amekula, Jocelyne ataomba simu, watamkalisha sakafuni, Angélique atasema. Kila walipomaliza kupanga walianza upya.

Huko Troyeville, Masika alikuwa anafua sare za shule za Benita alipoona simu ya Steve imeita mara moja ikakatika. Akampigia. Haikushikwa. Akampigia tena. Kwa Masika maana yake ilikuwa moja: kuna msiba, Steve yuko kazini hawezi kuongea, wenzake watampitia. Akaanika sare. Akaoga. Akala ugali wa jana na sombe, yale majani ya muhogo. Akavaa kitenge chake cha kazi, cha rangi ya kijani iliyokolea, na viatu vyake vya kiume. Akamtuma Benita kwenye spaza, duka dogo la mtaani, akanunue mkate na maziwa, kwa kuwa hakujua atarudi saa ngapi. Halafu akakaa kwenye ngazi juani, mikono mapajani, akingoja kwenda kumwambia mtu.

Saa tisa wakaingia getini. Hawakupiga kelele kwamba wamekuja bure. Masika alishasimama, ameshafunga mlango, ufunguo ameshautia kifuani.

"Mumechelewa," akasema. "Steve alinibipu tangu asubuyi. Namurudilia, hashike."

Angélique akaanza kama walivyopanga. "Masika. Umekula?"

"Nimekula. Kwani ni miye naambiwa? Twende."

Akapita katikati yao, akatoka barabarani. Angélique na Jocelyne wakatazamana. Mpango wao wote ulikuwa wa ndani ya nyumba, na nyumba ilikuwa imefungwa. Wakamfuata.

Jua lilikuwa kali na upepo baridi, Jumamosi ya kawaida, muziki kwenye magari, watu na mifuko ya vyakula. Masika alitembea mbele kidogo kwa hatua zake za kazi, wala haraka wala polepole. Alikuwa anampa Jocelyne maelekezo bila kugeuka.

"Weye ni mara yako ya kwanza. Usilie mbele yake, ngoja afungue yeye ama nani mwenye atafungua. Uangalie chini. Akianguka, shika kichwa, miguu itajipanga yenyewe." Akasikia kitu, akageuka. "Unalia nini? Hatujafika hata."

Jocelyne alijifuta kwa kiganja. "Ni upepo, Mama Benita."

"Upepo njo nini. Jikaze."

Angélique alifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza basi likapita. Mara ya pili akasalimiwa na mtu. Mara ya tatu hapakuwa na sababu yoyote, mdomo ulijifunga tu. Alikuwa akijiambia wakifika kwenye kona, na kona ikafika, akajiambia ile nyingine.

Wakafika kwenye roboti. Kulia ni njia ya Kensington, kushoto kunashuka Bertrams. Masika akasimama. Tangu watoke hakuwa ameambiwa wanakokwenda, na sasa alihitaji kujua.

"Kushoto ama kuume?"

Jocelyne akatazama kushoto, Angélique kulia. Masika akawatazama kwa uchovu wa mtu anayefanya kazi na wageni wa kazi.

"Bon. Munipe habari kwanza, njia mutanionyesha. Marehemu ni nani?"

Angélique alisema, na sauti yake ilitoka ndogo. "Kahindo Clémentine."

"Kahindo Clémentine," Masika akarudia. Huwa anarudia hivyo ili jina lisimponyoke atakapolisema mbele ya mwenyewe. Na tusimshangae. Vukenye ina Kahindo wengi na akina Clémentine wengi, na mama yake hakuwahi kuwa jina kwake. Mtaani alikuwa Mama Masika. Kwa Masika alikuwa mama. "Miaka?"

"Makumi munane na tatu."

"Alifikisha. Kartie gani?"

"Kanisa."

"Wa kwetu. Amekufa na nini?"

"Alilala, hakuamuka. Leo asubuyi."

"Kifo muzuri," Masika akasema, akilitafuta jicho la dereva aliyekuwa anawapigia honi wasivuke. Akawaza kwamba habari ya namna hii ni nyepesi kupeleka, hakuna damu, hakuna kuuliza nani kafanya. "Na hapa ako na nani?"

Taa ikabadilika. Watu wakavuka, wao hawakuvuka.

"Masika," Angélique akasema. "Ako na weye."

Masika alimtazama. Kisha akayarudia yote kimoyomoyo kwa mpangilio wake, jina, miaka, kartie, siku, na safari hii yakakaa kila moja mahali pake. Alielewa barabara. Hakuna alichokosa kuelewa.

"Banazika lini?" akauliza.

"Magaribi hii. Ju ya ugonjwa, hawangoje."

"Ni sawa."

Akangoja kilio kije. Angélique na Jocelyne nao wakangoja, midomo imebanwa, kwa kuwa hawakuwa na ruhusa ya kutoa sauti kabla yake. Roboti ikawa nyekundu, ikawa kijani, ikawa nyekundu. Jocelyne, ambaye aliwahi kumlilia mtu aliye hai mpaka saluni ikakimbiwa, alikuwa amejaza ncha ya kitenge mdomoni na anaiuma.

"Haikuye," Masika akasema.

"Itakuya."

"Haikuye, Angélique. Nasikia tu baridi ku miguu." Akasema hivyo kwa utulivu kabisa, na ndani yake aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na hata ile hofu ilikuwa mbali, kama ya mtu mwingine. "Nilikuambia. Mama alisema nifungue kwa nguvu. Sina kitu."

"Turudi nyumbani."

Wakarudi, yeye katikati, hao wawili wamemshika mikono kila upande kama yeye alivyowashika wengi. Walipopita mbele ya duka la Mreno mmoja, mzee yule akampungia, na Masika akampungia pia, akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba koti lake litakuwa tayari Jumatatu. Alijisikia akisema. Alijua kwamba mtu aliyefiwa na mama hasemi habari za koti. Akaendelea kutembea. Angélique alikuwa anamwomba Mungu kimyakimya amfungue huyu mwanamke, na ikiwa haiwezekani, basi awafumbe midomo wanawake wa Juu.

Benita alikuwa amekaa kwenye ngazi na mkate na maziwa, amefungiwa nje. Alipowaona akasimama. Alikuwa amemwona mama yake mara nyingi akitoka na wanawake wawili, lakini hakuwahi kumwona akirudi nao wamemshika.

"Mama," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi alisema kwa Kiswahili. "Ni nani?"

Masika akajitoa mikononi mwao. Hii alijua kuifanya. Akachukua mkate na maziwa, akaviweka kando. Akamshika binti yake mabega, akamkalisha chini kwenye saruji, si kwenye ngazi, akapiga magoti mbele yake.

"Umekula?"

"Mama, acha. Ni nani?"

"Kahindo Clémentine," Masika akasema. "Wa kartie ya Kanisa. Amekufa leo asubuyi. Alilala, hakuamuka." Kisha akanyamaza, kama anavyonyamaza siku zote.

Benita hakulijua jina hilo. Alimtazama Angélique, akamtazama Jocelyne mwenye kitenge mdomoni, akarudi kwa mama yake, na taratibu akaelewa. "Koko?" akasema. "Koko wa Jumatano?"

"Ndiyo, njo yeye."

Macho ya Benita yakajaa, lakini yeye hakuinama kujililia. Alikuwa anamchunguza mama yake aliyepiga magoti na kitenge cha kazi, uso mkavu, mikono imetulia mabegani mwake kwa ustadi. Akakigusa kile kitenge.

"Na wewe, Mama?" akauliza. "Wewe nani alikuambia? Nani alikukalisha?"

Masika akafungua mdomo kumjibu, kwa maana ni swali, na swali lina jibu.

"Hakuna," akasema. "Nilikuwa naenda kuambia mutu."

Akalisikia neno hilo akiwa amekwisha kulisema. Nilikuwa naenda kuambia mutu. Mikono ikamtoka mabegani mwa mtoto. Akajiona kwenye ile ngazi juani, ameoga, ameshiba, anangoja kumpelekea mwanamke mwingine kifo cha mama yake, na hakuna sakafu aliyokalishwa, hakuna aliyemwipulia sufuria. Akaita "Mama", mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anayeita kutoka chumba cha pili. Akaita tena. Ya tatu haikuwa neno. Ilitoka chini kabisa, mbaya, nzito, ya nguvu, mbwa wa jirani wakabweka na Mreno akatoka dukani kwake. Masika akainama mpaka paji la uso likagusa saruji, na Benita akaanguka juu ya mgongo wake.

Angélique akaachia pumzi aliyoibana tangu kwenye roboti. Jocelyne akatema kitenge. Wakampokea kilio.